Kula Furaha Siku Bakuli Likiwa Tupu

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, poleni na majukumu, na asanteni kwa kuja. Nyote mliopo hapa mnauguza mtu nyumbani. Najua wengine mmemwachia mtoto wa jirani kazi ya kumgeuza mgonjwa, na sikio moja liko kwenye simu. Iacheni simu iwe wazi. Ikilia, tokeni mkapokee, hakuna atakayeona vibaya.

Nimeombwa niseme namna sisi Wabudha tunavyoilea furaha wakati wa shida. Wengi wenu ni Waislamu na Wakristo, na sikuja kumtoa mtu kwenye imani yake. Hata hivyo Ubudha si mgeni kabisa huku kwetu. Wasinhala kutoka Sri Lanka walijenga hekalu lao hapa Dar es Salaam tangu enzi za Mwingereza, na mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe. Mtakayoyasikia leo yapo Waafrika wanaoyaishi.

Nianze na kijiji kimoja. Kiliitwa Panchasala, katika nchi ya Magadha, huko India, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Asubuhi moja Budha aliingia kijijini hapo na bakuli lake. Kwa kanuni za kale, mtawa wa Kibudha hapiki wala halimi. Hupita nyumba hadi nyumba, husimama kimya, anayetaka kumpa humpa, na alichopewa ndicho chakula chake cha siku, ambacho lazima akile kabla ya adhuhuri. Ikipita adhuhuri, basi, mpaka kesho. Siku hiyo Panchasala palikuwa na sikukuu, vijana wakipeana zawadi. Ungetegemea siku kama hiyo mkono wa kila mtu uwe mwepesi. Lakini Mara, yule mshawishi ambaye maandiko ya Kibudha humtaja kila anapotaka kumvuruga Budha, alikuwa ameishika mioyo ya wenyeji, wala hakupatikana hata mmoja wa kutoa punje ya wali. Maandiko yanasema Budha aliingia na bakuli limeoshwa, akatoka na bakuli limeoshwa vilevile.

Mshawishi huyo akamfuata. Akamwuliza: Je, mtawa, umepata chakula? Budha akamwuliza naye: Si wewe uliyefanya nisipate? Mshawishi akamwambia: Basi rudi kijijini, safari hii nitafanya upate. Budha hakurudi. Alimjibu kwa beti ambazo Wabudha tunazikariri mpaka leo, na maana yake ni hii: sisi tusio na kitu twaishi kwa furaha kubwa, na furaha ndiyo itakayokuwa chakula chetu, kama ilivyo kwa miungu ya nuru. Mshawishi akatoweka kwa huzuni, na kisa kinaishia hapo. Hakuna mkate ulioshuka kutoka mbinguni. Hakuna mwanakijiji aliyekimbia nyuma yake na sahani. Bakuli lilibaki tupu.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakidanganyi. Budha hakusema kwamba hana njaa, wala hakusema njaa ni jambo jema linalomkomaza mtu. Alikuwa na njaa, na papo hapo alikuwa na kitu kingine cha kula.

Sisi tumelelewa na methali, baada ya dhiki faraja. Methali hiyo imewashika mkono watu wengi, nami siitupi. Lakini anayeuguza anajua kwamba zipo dhiki zisizo na tarehe ya mwisho. Mtoto mwenye sikoseli ataamka nayo kesho na mwakani. Baba aliyepooza upande mmoja hajui, na daktari wake hajui, kama mkono utarudi. Mama aliyeanza kusahau majina ya wanawe atasahau zaidi. Ukiiweka furaha ng'ambo ya dhiki kama mshahara wa mwisho wa mwezi, utakaa na njaa miaka, na mwezi wenyewe haufiki. Budha aliiweka mahali pengine. Kwake furaha ni chakula cha kuvukia, huliwa ndani ya dhiki yenyewe, na mtu hujifunza kukiandaa. Hilo ndilo ninalotaka mnielewe leo.

Najua lipo wazo kwamba Ubudha ni dini ya watu wenye huzuni. Mtu amesoma ukurasa mmoja, akakutana na maneno kwamba maisha yamejaa mateso, akafunga kitabu. Budha alitaja mateso kwanza ili aonyeshe chanzo chake na namna yanavyokoma. Aliyeishia kwenye ukweli wa kwanza kati ya kweli nne alizofundisha Budha ameishia mlangoni. Waliomwona Budha na watawa wake kwa macho yao walisema mambo tofauti kabisa. Mfalme Pasenadi wa Kosala, akiwa mzee wa miaka 80, rika moja na Budha, alikwenda kumsujudia, akaeleza kwa nini anamheshimu kiasi hicho. Alisema amewaona watu wa dini wengine wamekonda, wamepauka, hata kuwatazama hupendi, ila watawa wa Budha wanatabasamu, wachangamfu, wanaishi kwa kupewa, na mioyo yao imetulia kama ya paa wa porini. Fikirini ni nani anayesema hayo. Ni mtu mwenye majumba na majeshi, anawastaajabia watu ambao hawajui kesho watakula nini. Na mapokeo yanaongeza jambo la kuumiza: wakati mzee huyo yuko ndani akizungumza na Budha, jemadari wake alizichukua alama za ufalme akampelekea mwana wa mfalme, na Pasenadi akafa nje ya lango la mji wa watu, bila ufalme wake. Naomba kwamba kile alichokiona kwa watawa kilimfaa kidogo usiku ule.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani linawagusa zaidi ya yote. Kabla ya kufundisha furaha, Budha mwenyewe aliiogopa.

Alikuwa kijana wa ukoo wa kitawala, Siddhartha, akaondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 29 kutafuta njia ya kuushinda uzee, maradhi na kifo. Wakati huo wengi waliamini kwamba njia ni kuutesa mwili. Akautesa kweli kweli. Alipunguza chakula mpaka akawa anakula konzi moja ya mchuzi wa dengu. Maandiko yanamnukuu akisimulia hali yake: akiligusa tumbo lake, anaushika uti wa mgongo, akijisugua ngozi, nywele za mwilini zinang'oka, akienda haja, anaanguka kifudifudi. Hayo aliyafanya kwa miaka, mpaka akafika mahali akaona hakuna aliyewahi kuteseka zaidi yake, na bado hajapata alichokuwa akikitafuta.

Hapo ndipo alipokumbuka utoto. Siku moja baba yake alikuwa kwenye shughuli ya kulima, na yeye mtoto ameketi kwenye kivuli cha mti wa jambu, mti wa jamii moja na mzambarau wetu huu wa Pwani na Unguja. Ameketi tu. Hakuna anayemsumbua. Moyo ukatulia, na furaha ikamjia bila kuitwa. Akiwa sasa mifupa mitupu, Siddhartha alijiuliza: je, hiyo inaweza kuwa ndiyo njia? Kisha akajiuliza swali ambalo kwangu mimi ni zito kuliko mengi katika maandiko yetu: Kwa nini naiogopa raha ambayo haitokani na tamaa wala na uovu?

Akaona haimpasi kuiogopa. Akaona pia kwamba mwili uliodhoofika namna ile hauwezi kuifikia. Akala wali na uji. Wenzake watano waliokuwa wakimhudumia wakachukia, wakasema Gotama, maana hilo ndilo jina la ukoo wake, ameirudia anasa, wakamwacha peke yake. Na ni baada ya mlo ule, baada ya kulaumiwa vile, ndipo alipoketi chini ya mti akaipata ile nuru tunayomwitia Budha. Mimi naamini dini yetu nzima imesimama juu ya mlo ule, na juu ya uamuzi wa kijana aliyechoka kuiogopa furaha isiyo na hatia.

Nawaulizeni nyie wauguzaji: nani kati yenu haiogopi? Nilipokuwa namwuguza mama yangu, jirani alitusikia tunacheka chumbani. Akaja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hali ya mama imekuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Tulicheka kwa sababu mama alikuwa akiigiza sauti ya muuza samaki aliyepita chini ya dirisha, na aliiweza sauti ile kuliko mwenyewe. Jirani hakuwa na ubaya. Lakini swali lake lilinikaa kifuani, na kwa siku kadhaa nikawa kila nikitaka kucheka natazama mlango kwanza. Wengi wenu mnaishi hivyo. Mnadhani mkicheka mgonjwa anasalitiwa. Mnadhani uso wa huzuni ndio risiti ya upendo, na usipoonekana nao watu watasema humjali.

Wazee wetu walilijua hili kuliko jirani yangu. Mhehe na Mngoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mhehe akifiwa, Mngoni anaingia msibani anaigiza mwendo wa marehemu, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anawatukana wafiwa kwa haki aliyopewa na mila, na watu waliokuwa wanalia wanacheka machozi hayajakauka. Hakuna anayemwambia mtani hana uchungu. Mara nyingi ndiye anayeshika kazi nzito za mazishi ambazo wafiwa hawaziwezi. Kwa hiyo ninapowaambia kwamba furaha ina kiti chake chumbani kwa mgonjwa, siwaletei jambo la Wahindi. Nawakumbusha lililokuwa la kwenu.

Lakini mtani anakuja siku ya msiba akaondoka. Mtu anayeuguza miaka mitano anahitaji kitu cha kila siku, na hapa Budha anatusaidia kwa namna ambayo sijaiona ikielezwa vizuri zaidi mahali pengine.

Alikuwapo mtu mmoja wa ukoo wake, Mahanama, mwenye familia na shughuli za mjini, si mtawa. Alikuwa ametoka kuugua, akasikia kwamba Budha anakaribia kuondoka. Akamwendea akamwuliza: sisi tunaoishi maisha ya kila namna, tukae vipi? Budha akampa mambo sita ya kuyakumbuka. Matatu ya kwanza ni ya imani yetu, siwatwishi leo, na la mwisho linahusu viumbe wa mbinguni. Mawili yaliyobaki yanamfaa mtu yeyote: kumbuka uadilifu wako, na kumbuka ukarimu wako. Keti uyakumbuke mema uliyoyatenda kwa mkono wako mwenyewe. Na wakati gani? Budha alisema: ukitembea, ukisimama, ukiketi, ukilala, ukiwa katikati ya kazi zako, na ukiwa nyumbani kwako palipojaa watoto. Nikiusoma mstari huo natamani kumshika mkono aliyeuhifadhi. Hakumwambia Mahanama asubiri nyumba itulie.

Najua moyoni mwenu mnasikia ugumu. Kwetu tumefundishwa tenda wema uende zako. Kukaa unahesabu mema yako kunanukia majivuno. Ni kweli, ukiyahesabu ili watu wakushukuru, au ili umdai mgonjwa, utazidi kuchoka, na utamchukia. Budha anasema jambo jingine. Tenda wema uende zako, usidai kitu kwa mtu. Ila usiku, mgonjwa akishalala, wema ule ni haki yako kuukumbuka, kwa sababu ni mali yako halali na ndani yake kuna chakula.

Uufanye uwe mmoja na uwe mdogo. Usiseme mimi ni mtoto mwema. Sema: leo nilimkata kucha polepole, na hakuumia. Leo aliuliza swali lile lile mara nyingi, na mara zote nilimjibu kwa sauti ile ile. Kaa na hilo kwa pumzi chache. Maandiko yanaeleza kinachofuata hatua baada ya hatua: moyo unanyooka, inakuja furaha ndogo, hiyo inazaa furaha kubwa, furaha kubwa inautuliza mwili, mwili uliotulia unaona raha, na moyo wenye raha unakusanyika. Na kuna mahali Budha anasema kwamba mtu mwenye mwenendo safi hana haja hata ya kujiambia, sasa nisijute, au sasa nifurahi. Kila hatua inazaa inayofuata, ndivyo maumbile yalivyo. Mkilijaribu hili mtaanza kuliona mabegani. Mabega yanashuka kabla akili haijajua.

Na siku uliyomkaripia? Maana siku hizo zipo. Budha alimfundisha mwanawe Rahula, akiwa bado mdogo, aangalie matendo yake kabla ya kuyatenda, wakati wa kuyatenda na baada ya kuyatenda. Ukiona ulimwumiza mtu, liseme wazi kwa mtu mwenye hekima, usilifiche, ujizuie lisirudiwe. Basi. Hakumwambia Rahula ajipige kifua. Na ukiona tendo lilikuwa jema, alimwambia, kaa kwa furaha na uendelee kujifunza usiku na mchana. Baba anamwamuru mtoto afurahi kwa wema aliotenda. Ni wazazi wangapi kati yetu tuliopata kutoa amri kama hiyo?

Mtu anaweza kusema hayo ni ya chumbani, ya kucha na uji, je, mbele ya uovu mkubwa furaha hii inasimama? Tutazame Kambodia.

Khmer Rouge, wapiganaji wa Kikomunisti wa huko, waliishika nchi hiyo Aprili 1975, wakaondolewa Januari 1979. Katika muda huo mfupi watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi za sulubu na kuuawa. Watawa walivuliwa majoho kwa nguvu. Mahekalu yakageuzwa maghala na magereza. Mtawa mmoja Mkambodia, Maha Ghosananda, alinusurika kwa kuwa alikuwa Thailand, katika monasteri ya msituni, akifanya mazoezi ya kutafakari. Familia yake iliangamia yote.

Wakimbizi walipoanza kuvuka mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, alikwenda makambini. Walikuwa watu ambao kwa miaka hawajaliona joho la mtawa. Walipomwona walianguka chini wakalia. Akawaimbia beti moja ya zamani inayosema kwamba uadui haukomi kwa uadui, hukoma kwa kuacha uadui, na kwamba hiyo ni sheria ya kale. Aliirudia na kuirudia, nao wakaiimba pamoja naye wakilia. Msifikiri aliwaimbia wajane peke yao. Kambini walikuwamo pia waliokuwa wapiganaji wa Khmer Rouge.

Mwaka 1992 akaongoza matembezi ya amani kutoka mpaka wa Thailand hadi Phnom Penh, pamoja na wakimbizi waliokuwa wanarudi nyumbani, katika nchi iliyojaa mabomu ya kutegwa ardhini. Wanavijiji walisimama kandokando ya barabara na ndoo za maji wakisubiri watawa wayabariki na kuwanyunyizia. Wapo waliokutana njiani na ndugu waliodhani wamekufa zamani. Mwaka uliofuata wakatembea tena, kabla ya uchaguzi. Mwaka 1994 msafara ulinaswa katikati ya risasi za wanajeshi na za Khmer Rouge, na mtawa mmoja wa kiume na mmoja wa kike wakauawa. Matembezi hayakukoma. Yaliendelea, na miaka iliyofuata yakafanyika tena.

Waliomjua Maha Ghosananda, karibu wote, wakimsimulia hawaachi kulitaja tabasamu lake. Alifariki mwaka 2007, na hata picha zake za uzeeni anacheka. Zamani nilidhani labda mtu huyu alikuwa amesahau. Haiwezekani. Hakuna asahauye ndugu zake wote. Mimi nasema tabasamu lile lilikuwa chakula chake cha njiani. Angekula chuki, asingefika hata mto wa kwanza.

Ndugu zangu, sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mafundisho haya yakishikwa vibaya ni hatari.

Jibu la Budha kwa Mara liko katika mkusanyo wetu wa beti uitwao Dhammapada, kwenye sura ya furaha, beti ya 200. Mbele kidogo, sura ile ile, beti ya 203, inasema njaa ni ugonjwa mkubwa kuliko yote. Na kisa chake mapokeo yanakieleza hivi. Budha alisafiri mbali hadi mji wa Alavi kwa sababu aliona mkulima mmoja maskini yuko tayari kuyaelewa mafundisho. Asubuhi ile mkulima akapotelewa na ng'ombe wake. Akamtafuta porini mpaka akampata, kisha, bila kula, akakimbilia mahali Budha alipokuwa. Umati umeketi unamsubiri Budha aseme. Budha amekaa kimya anamsubiri mkulima. Mkulima alipofika, hana nguvu, Budha akauliza kama kuna chakula kilichobaki. Akaagiza mkulima apewe ale. Alipomaliza kula, ndipo akafundisha. Watawa wakanong'ona, maana hawakuwahi kumwona akijishughulisha na sahani ya mtu. Akawajibu kwamba mwenye njaa hawezi kuelewa kitu.

Sasa ziwekeni beti hizo mbili pamoja. Siku njaa ilipokuwa yake mwenyewe, alikula furaha. Siku njaa ilipokuwa ya mwingine, alitafuta wali. Sijui namna nyingine ya kuyashika mafundisho haya bila kuwa mkatili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye shibe akimhubiria mwenye njaa habari za furaha ya moyoni, anamtukana. Kwa hiyo shemeji akija kuwaona, akawaambia mfurahi, mtegemee Mungu, kisha akaondoka bila kuuliza nani atalala na mgonjwa leo, huyo hajawaletea mafundisho. Na sisi tusiwe shemeji huyo kwa wengine. Budha alipomkuta mtawa mgonjwa wa tumbo la kuhara, amelala katika uchafu wake na hakuna anayemhudumia, hakumpa hotuba. Alimtuma Ananda, mtawa msaidizi wake, akalete maji, Budha mwenyewe akammwagia mgonjwa, Ananda akamwosha, wakamwinua wakamlaza kitandani. Kisha ndipo akawaita wengine akawaambia: hamna mama wala baba hapa wa kuwahudumia, msipohudumiana, nani atawahudumia? Anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa.

Nawaombeni pia: ukiona wiki zinapita, usingizi hauji, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda yamekuwa majivu, na wazo la kufa linakuzungukia, hiyo yaweza kuwa sonona. Huo ni ugonjwa, una matibabu. Nenda hospitali kama ungekwenda kwa malaria. Mazoezi ninayoyasema hayachukui nafasi ya daktari.

Limebaki jambo moja, nalo ni la siku ambazo hata wema wako huuoni. Siku hizo zikija, Budha alitufundisha kula kwenye ghala la jirani. Sisi huita mudita, kuifurahia furaha ya mwingine kama yako. Ni kazi ngumu kwa anayeuguza. Mgonjwa wa kitanda cha pili karuhusiwa, anatoka na wanawe wanapiga vigelegele, wa kwako kabaki. Ukimtazama yule anayetoka, kinachopanda kooni wala si furaha. Nakijua. Kinaitwa kijicho, na hakuna aliyewahi kukitoa kwa kujilaumu.

Mtaalamu mmoja wa karne ya 5 aliyefanya kazi Sri Lanka, Buddhaghosa, alieleza namna ya kuanza, na nampenda kwa kuwa alijua watu walivyo. Alisema usianze na mgonjwa wa kitanda cha pili. Usianze na adui yako, wala na mtu usiyemjali, wala na aliyekufa. Anza na rafiki wa karibu mno, yule mchangamfu ambaye siku zote hucheka kwanza ndipo huongea. Mlete moyoni, useme: huyu ana furaha, ni vizuri sana, laiti ingedumu. Na kama siku hizi naye mambo yamemwendea vibaya, kumbuka alivyokuwa, au mwone atakavyokuwa mambo yakitengemaa. Moyo ukishazoea kwake, ndipo uusogeze kwa mwingine, na kwa mwingine, mpaka siku moja utafika kitanda cha pili. Usiuharakishe.

Kila mmoja wenu ana mtu huyo, anayecheka kwanza ndipo akaongea. Wengi hamjampigia siku nyingi kwa sababu mnaona hamna habari njema za kumpa. Mpigieni leo, kabla hajalala. Msianze na habari za mgonjwa. Mwulizeni habari za wanawe na biashara yake, na akianza kucheka, mwacheni acheke mpaka amalize.